Duaradufu

Kamusi ya shule inasema: duara lililobonyea ubavuni.
Lakini mimi dufu niliisikia kwanza jikoni,
mama akilamba kiganja: "Mchuzi dufu huu. Lete ndimu."
Na Bi Sikudhani, mwenye nyumba wetu hapa Mburahati,
nilipolitaja neno alicheka.
Kwake dufu ni ile ya maulidi, ngozi iliyowambwa,
inayooteshwa moto kwanza ndipo ilie.

Basi galaksi yangu ni ya jikoni, au ya maulidi?

Jina haina. Ina namba ndefu kama ya luku,
nimeiandika hadi vidole vinaijua.
Urefu wake ukiwa kumi, upana ni saba.
Haina mikono ya kujizungusha,
haina michirizi ya vumbi, haina lile shada la buluu
linalowapendeza wachapaji wa kalenda.
Nyota zake nyekundu, watu wazima wote,
wala haziendi kwa mstari:
hii inapanda, ile inashuka, nyingine inakatiza,
Kariakoo mkesha wa Idi,
ila kule hakuna anayepigwa kikumbo.
Nafasi ni kubwa mno.

Jumanne umeme ulikatika, Manzese mpaka Kigogo.
Nikapanda juu, kwenye zege tupu,
nondo zimesimama zikingoja ghorofa
tangu alipofariki mumewe.
Bi Sikudhani akanifuata na kigoda chake.
"Iko wapi?"
Nikanyosha kidole kati ya tangi la maji na mnara wa simu.
"Pale."
"Sioni kitu."
"Hata mimi sioni. Jicho la mtu haliifikii,
hata Dar yote ingepulizwa kama kibatari."
"Sasa unaijuaje?"

Nikamwambia kuna darubini, mbali, juu ya mlima wa watu wengine,
na mimi huletewa mwanga ukiwa umeshageuka tarakimu.
Nikamwambia mwanga wenyewe umevutika njiani
kama lastiki ya gagulo la zamani,
kila rangi ikasogea kuelekea wekundu:
sifuri nukta mbili nne, ndicho kipimo.
Uliondoka huko yapata miaka bilioni tatu,
wakati ambao hapa hapakuwa na samaki,
sembuse Feri.

Nikaendelea, maana giza hulegeza ulimi.
Imewameza majirani, wengine wazima wazima.
Katikati kuna shimo, mwanga ukiingia hautoki.
Gesi yake imechemka, haipoi,
na gesi isiyopoa haijikusanyi ikawa nyota.
"Kwa hiyo imekoma kuzaa," nikamaliza,
kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Akanyamaza.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga, Mwananyamala,
mikono ile imepokea nusu ya mtaa huu,
pamoja na fundi aliyemwaga zege tulilokalia
na kijana anayemdai pesa za maji.

"Imekoma," akasema, "hujasema imekufa."
"Ndiyo."
"Mimi nilikoma mwaka wa elinino.
Nani kakwambia nimezimika?"

Akaegemea tangi, akaanza kuligonga kwa kucha,
polepole, kisha kwa mkono mzima,
na tangi lilikuwa nusu, likaitika.
Sikujua kama anazikwa mtu au anaozeshwa.

Umeme ukarudi. Watoto wakapiga kelele mtaa mzima,
taa ya baa ikaturukia usoni, mbingu ikafungwa.
Akashuka na kigoda chake bila kuaga.

Usiku ule nilifungua jedwali langu.
Safu ya tisa: nyota zinazozaliwa kwa mwaka.
Wiki nzima nilikuwa nimeweka sifuri, nikaridhika nayo.
Nikaifuta.
Nikaandika: chini ya uwezo wa kipimo chetu.